Walipovuka Mpaka Kwenda Kusoma Sheria

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana pale bwaloni, kijana mmoja wa kidato cha sita alinisogelea akaniamkia kwa adabu. Nilipoitikia shikamoo yake akasema, "Kaka, nasikia wewe ulisoma sheria. Naomba kuuliza. Mtu akianza kusoma sheria chuo kimoja, kisha akapata shida ikambidi ahamie chuo kingine, tuseme nchi ya jirani, atapokelewa?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba mambo hayo yana taratibu zake, nikamwambia asome kwanza mitihani ipite. Lilikuwa jibu la mtu wa ofisini. Usiku ule, nikiwa kitandani katika nyumba ya wageni, jibu lile lilinisuta. Kijana aliuliza jambo ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu mwaka mzima wa ujana wangu, na ambalo wazee waliotutangulia walilijibu vizuri zaidi kuliko sisi. Basi Ndugu Mhariri aliponiandikia kuomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, sikuhangaika kutafuta la kuandika.

Ndugu wasomaji, kulikuwa na wakati ambapo swali la kijana yule lisingeulizwa. Kati ya mwaka 1961 na mwishoni mwa miaka ya 1960, Mkenya, Mganda na Mtanganyika aliyetaka kusoma sheria katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki alielekea mahali pamoja tu, Dar es Salaam. Wawili kati ya hao watatu walilazimika kuvuka mpaka, na wakifika hawakuhesabiwa wahamiaji wala wageni. Walikuwa wanafunzi.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Wakati wa ukoloni Mwafrika wa nchi hizi aliyetaka kuwa wakili ilimpasa kwenda ng'ambo, na njia iliyozoeleka ilikuwa kujiunga na vyama vya mawakili vya London. Safari hiyo ilihitaji fedha nyingi, na serikali za kikoloni hazikuona haraka ya kumpeleka mtu akasomee kazi ya kubishana nazo mahakamani. Matokeo yake ni kwamba Tanganyika ilipokaribia Uhuru, wanasheria wake Waafrika wangeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Hata huyo aliyebahatika kwenda alirudi akiijua sana ardhi ya Kiingereza na jinsi makabaila wa kule walivyorithishana mashamba, lakini akipelekewa kesi ya kihamba cha migomba au ya mahari alianza kubabaika.

Mwaka 1960 Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikiongozwa na Jaji Denning, yule yule ambaye hukumu zake wanafunzi wa sheria husoma mpaka leo. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1961. Iliona kwamba mafunzo yale ya London hayakumfaa mtu atakayefanya kazi Afrika, ikashauri Afrika Mashariki ipate kitivo chake cha sheria, na kwamba kiwe Dar es Salaam. Kwa nini Dar es Salaam? Makerere ilikwisha kuwa na udaktari tangu miaka ya 1920, Nairobi ilikuwa na uhandisi. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu cha aina yoyote. Sheria likawa fungu lake.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, majuma machache kabla ya Uhuru. Hapakuwa na majengo ya chuo. Chama cha TANU kilitoa jengo lake jipya la mtaa wa Lumumba, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na humo ndimo sheria ilimoanza kufundishwa. Kitivo kilikuwa kimoja tu, hicho cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Katika historia ya vyuo vikuu vya dunia sijui kama vipo vingi vilivyoanza na sheria peke yake, bila hata somo la historia au la hesabu la kuisindikiza. Miongoni mwa wanafunzi hao wa mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini kwetu na akateuliwa Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Mkuu wa kwanza wa kitivo aliitwa A. B. Weston. Pamoja naye walikuwapo William Twining, aliyekuja kutoka Khartoum, na Patrick McAuslan. Na mwaka 1963 akajiunga nao kijana wa Kenya, Yash Ghai. Weston namtaja kwa sababu moja zaidi. Mwaka 1965 aliandika makala juu ya matatizo ya kuiweka sheria katika lugha ya Kiswahili, wakati ambapo wananchi wengi wenye elimu waliona jambo hilo kuwa mchezo. Sisi wenyewe tumekuja kulichukulia kwa uzito miaka mingi baadaye.

Tarehe 28 Juni, 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa rasmi, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake, na vyuo vitatu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikawa matawi ya shina moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Nchi tatu maskini haziwezi kila moja kujenga kila kitu, kwa hiyo zigawane. Kijana wa Tanganyika mwenye kipaji cha kujenga madaraja alikwenda Nairobi. Aliyetaka kutibu ng'ombe naye alikwenda huko huko, Kabete. Aliyetaka kutibu watu alikwenda Makerere. Na kijana wa Kisumu au wa Masaka mwenye ulimi wa kubishana alikuja Dar es Salaam.

Safari yenyewe haikuwa na vikwazo ambavyo tumevizoea. Reli ilikuwa moja, chini ya shirika moja, na mwaka 1963 kilipokamilika kile kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, reli ya Tanga iliungana na reli ya kati. Posta ilikuwa moja. Shilingi ilikuwa moja mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipoanzisha benki kuu yake. Kabla ya hapo mwanafunzi kutoka Kampala alishuka Dar es Salaam akanunua machungwa kwa fedha zile zile alizopewa na mama yake. Rufani za nchi zote tatu zilikwenda katika Mahakama ya Rufani moja, ambayo ilizunguka ikisikiliza kesi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba wadogo zangu mlio madarasani mnivumilie.

Mwalimu wa sheria anayefundisha watu wa nchi moja husimama akasema, "Sheria inasema hivi," wanafunzi wakaandika. Mwalimu wa Dar es Salaam wa miaka ile hakuweza kusema hivyo. Mbele yake walikaa watu wa nchi tatu, na kila akitamka "sheria" ilibidi aeleze ni ya wapi. Chukueni ardhi. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta umiliki wa ardhi wa milele na kuugeuza kuwa wa kupangishwa na Serikali kwa miaka maalum. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya kuandikisha ardhi, ambayo ilimpa mtu mmoja mmoja hati ya shamba lake, liwe lake kabisa, aliuze, aliweke rehani. Na Uganda, katika Buganda, walikuwa wangali na mashamba ya mailo yaliyogawanywa kwa mapatano ya mwaka 1900. Sasa waweke watu hao katika chumba kimoja. Mmoja anasema ardhi ni ya umma. Wa pili anasema baba yake amekatiwa kipande chake juzi na hati iko ndani ya sanduku. Wa tatu anasema babu yake alipewa maili mraba nzima yenye wakulima juu yake, na wakulima hao wanalipa kodi kwa ukoo wao. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja ananukuu sheria ya kwao.

Mwanafunzi aliyepitia mabishano ya namna hiyo kwa miaka mitatu hawezi tena kudhani kwamba sheria ya kwao ilishushwa kutoka mbinguni. Ameona kwa macho yake kwamba ni watu waliokaa wakaamua, na kwamba jirani walikaa wakaamua vingine.

Mfano mwingine ni ndoa. Kenya iliunda tume mwaka 1967 kutazama namna ya kuziunganisha sheria za ndoa za Kikristo, Kiislamu, Kihindu na za mila, na mwaka 1968 tume ikatoa taarifa pamoja na mapendekezo ya sheria mpya. Bunge la Kenya liliyakataa, na likayakataa tena yaliporudishwa. Lakini Tanzania iliyachukua mawazo yale, ikayatengeneza kwa mahitaji yake, na ndiyo asili ya Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971. Wakenya wenyewe walipata sheria moja ya ndoa mwaka 2014. Wazo lilizaliwa Nairobi, likalelewa Dar es Salaam, likarudi kwao likiwa na mvi.

Wanafunzi walikuwa na chama chao cha sheria wakakipa jina la Jaji Denning, nacho kilitoa jarida lake tangu mwaka 1963. Mwaka 1964 chuo kilihama kutoka Lumumba kwenda kwenye vilima vya upande wa Ubungo, ndipo jina la Mlimani lilipozaliwa. Mwaka 1968 kitivo kilianzisha jarida kubwa la sheria la Afrika Mashariki.

Mambo hayakuwa shwari wakati wote. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliovaa majoho ya chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wakubwa kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Sheria ya Kujenga Taifa iliwahusu Watanzania. Kwa hiyo kwa muda chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na Wakenya na Waganda wanaohudhuria mihadhara, na wenye nchi wako vijijini wanalima. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, wakakuta wenzao wa ng'ambo ya mpaka wamewatangulia darasa. Nasikia utani wake uliendelea miaka mingi.

Mimi niliyajua haya yote kwa njia ya ajabu kidogo, nami sina budi kueleza.

Mwaka 2004 nilikuwa mwaka wa pili wa sheria katika chuo kimoja cha pwani. Mama yangu alikuwa Bukoba, na mwezi wa Januari ndugu zangu walinipigia simu kwamba figo zake zimeanza kushindwa. Mimi ndiye mtoto pekee ambaye sikuwa na mke wala shamba la kunizuia. Kutoka chuoni hadi nyumbani ilikuwa safari ya siku mbili kwa basi. Lakini kutoka Bukoba kuvuka Mutukula hadi kwenye chuo cha nchi jirani chenye kitivo cha sheria ilikuwa safari ya asubuhi hadi alasiri. Nikafanya hesabu ambayo mtu yeyote angefanya. Nihamie kule, nisome siku tano, Ijumaa jioni nipande basi niende kumuuguza mama.

Niliandika barua mbili. Chuo changu kilijibu kwamba hakina pingamizi nikiondoka, ila nikirudi nitaanzia pale nilipoachia. Chuo cha jirani kilijibu kwa upole kwamba masomo niliyokwisha kufaulu hayalingani na yao, kwa hiyo wakinipokea nitaanza mwaka wa kwanza. Nilisafiri mwenyewe kwenda kuonana na wahusika. Msajili msaidizi alinifungulia vitabu viwili vya masomo, chao na changu, akaviweka sambamba juu ya meza. Somo la mikataba lao lilikuwa na saa nyingi kuliko langu. Somo langu la ardhi lilihusu sheria mbili za Tanzania za mwaka 1999, nao walikuwa na sheria yao ya mwaka 1998. Makosa ya jinai yalikaribiana. "Unaona mwenyewe," aliniambia. Niliona. Nilimwomba aangalie upya, akasema kanuni hazimruhusu, na naamini alisema kweli.

Nikiwa natoka, nimekata tamaa, nikapita mbele ya ofisi moja iliyokuwa wazi. Ndani alikaa mwalimu mzee kidogo, mwenye nywele nyeupe pembeni, akisahihisha mitihani. Nadhani alinisikia nikizungumza na karani ukumbini, kwa maana aliniita kwa Kiswahili.

"Wewe kijana, Kiswahili hicho cha Dar es Salaam umekitoa wapi?"

"Nasoma huko, mwalimu."

"Sheria?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliweka kalamu chini. "Hata mimi nilisoma sheria Dar es Salaam. Nilifika mwaka 1966, nikaondoka 1969. Ingia, kaa."

Nilikaa karibu saa mbili. Alinieleza jinsi alivyofika Mlimani hajui Kiswahili zaidi ya salamu, akajifunza kwa wauza mahindi wa barabarani. Jinsi walivyokuwa wakienda Kariakoo siku za mwisho wa wiki kutafuta ndizi za kupika na kuzikosa. Jinsi mwenzake wa chumbani, Mtanzania, alivyorudi kutoka kijijini mwaka 1967 na mikono yenye sugu, asitake kuzungumza na mtu kwa siku tatu. Alinieleza ile kesi ya ardhi ya watu watatu niliyoisimulia hapo juu. Yeye ndiye aliyekuwa wa mailo.

Nilipomweleza shida yangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Wamekuambia masomo hayalingani?" Nikajibu ndiyo. Akacheka bila furaha. "Sisi hatukuwa na cha kulinganisha. Mtihani ulikuwa mmoja."

Hakuwa na mamlaka ya kunihamisha. Alichoweza kufanya, akafanya. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kitivo, kuomba nipokewe kama mgeni kwa muhula mmoja, nihudhurie mihadhara na kutumia maktaba, bila mitihani na bila ada. Walikubali. Nikawa mwanafunzi mgeni, neno ambalo katika kanuni za siku hizi lina maana yake, na maana yake ni kwamba unakaa nyuma, unaandika, na jina lako halisomwi.

Nilikaa kule kuanzia Februari hadi Juni. Kila Ijumaa nilivuka Mutukula. Mama alinitania kwamba sasa mwanawe anasoma sheria ya watu wengine ili aje kumtetea na wauza maziwa. Nilijifunza mambo ambayo sikupata kuyasoma kwetu, hasa juu ya mashamba ya mailo, na mpaka leo nikisoma hukumu ya nchi ile naisikia kwa sauti ya mzee yule. Mama alifariki Agosti. Nilikuwapo, nimemshika mkono.

Niliporudi chuoni kwangu niliurudia mwaka wa pili tangu mwanzo. Ule muhula wa ugenini haukuandikwa popote.

Tuirudie historia. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, na tarehe 1 Julai ya mwaka huo Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili cha taifa, kama Nairobi na Makerere. Makerere ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha sheria mwaka 1968, na Nairobi ikaanzisha kitivo chake cha sheria mwaka 1970. Sitaki kuandika kana kwamba lilikuwa kosa tupu. Idadi ya vijana ilikuwa inaongezeka, nafasi za Dar es Salaam hazikutosha, na hakuna nchi huru inayoweza kuridhika milele kuwasomesha mahakimu wake wote kwa jirani. Pia siasa zilikwisha kutengana. Mlimani wa mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye akina Walter Rodney walimu, na Yoweri Museveni na Issa Shivji wanafunzi, ulikuwa ukiwasha moto ambao baadhi ya serikali jirani hazikupenda watoto wao wauote. Hata Serikali yetu yenyewe ililipiga marufuku jarida la wanafunzi la Cheche mwezi Novemba 1970, mwaka mmoja tu tangu lianze.

Lakini naamini, na wenzangu wanaweza kunipinga katika toleo lijalo, kwamba waliovunja hawakufikiri sana juu ya kitu kimoja. Majengo waliyagawana, walimu wakachagua kwa kwenda, vitabu vikabaki kwenye rafu zake. Ule mtihani mmoja haukuachwa kwa mtu. Kila chuo kiliandika masomo yake, kwa nia njema, na miaka 34 baadaye msajili msaidizi aliweka vitabu viwili juu ya meza na havikufanana.

Yaliyofuata yalizidi kuvitenganisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na Mahakama ya Rufani ya pamoja ikafa nayo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Mwanafunzi wa sheria wa miaka ile hangeweza kwenda Nairobi hata kutembelea maktaba. Uganda nayo ilikuwa katika mateso yake. Kila nchi ilijenga pia mlango wake wa uwakili baada ya shahada: Kenya ilikuwa nao tangu 1963, Uganda mwaka 1970, na sisi Tanzania tulianzisha Shule ya Sheria kwa sheria ya mwaka 2007. Mhitimu anayevuka mpaka siku hizi hukuta milango miwili mahali ambapo zamani palikuwa na mmoja.

Pamoja na hayo, waliokwisha kukaa pamoja walibaki wamekaa pamoja. Tazameni majaji wakuu. Benjamin Odoki aliiongoza Mahakama ya Uganda kuanzia 2001 hadi 2013. Augustino Ramadhani alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 2007 hadi 2010. Willy Mutunga, ambaye serikali ya Kenya ilimweka kizuizini mwaka 1982, alikuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo hiyo kuanzia 2011 hadi 2016. Wote watatu waliingia Mlimani kusoma sheria katika miaka ya 1960. Nchi tatu, mlima mmoja.

Juhudi za kurudisha njia zipo, na kwa kuwa baadhi ya maombi ya namna hiyo hupita mezani kwangu, nisiwanyime haki wanaohangaika. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo tangu mwaka 1980, makao yake Kampala. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, inazitaka nchi zitambuane vyeti. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Mawakili hawakuwamo katika kundi hilo la mwanzo, jambo ambalo halikunishangaza hata kidogo. Sisi watu wa sheria ni wepesi wa kuwaandikia wengine mikataba. Tarehe 20 Mei, 2017, wakuu wa nchi, wakikutana Dar es Salaam, walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Tangazo ni jambo jema. Ila faili linalofika mezani huwa bado na karatasi mbili zisizofanana, na mzazi aliyekaa kwenye benchi nje.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza pale bwaloni, hili ndilo jibu langu la pili, na ulichukue badala ya lile la kwanza. Atapokelewa, lakini mara nyingi atapoteza kitu. Ajue kwanza tofauti ya kuhama na kukaa kama mgeni. Anayehama hupewa shahada na chuo anachokwenda, na masomo yake ya nyuma hupimwa upya moja moja. Anayekaa kama mgeni hubaki mali ya chuo chake, na muhula wake utahesabiwa tu ikiwa vyuo viwili vimekubaliana kwa maandishi kabla hajapanda basi. Mimi sikuomba maandishi hayo. Nilikuwa na haraka ya kufika kwa mama, na sikujua. Aombe pia muhtasari kamili wa kila somo alilosoma, wenye saa zake na muhuri wa kitivo, wala asiridhike na karatasi ya matokeo peke yake, maana msajili wa upande wa pili halinganishi maksi, analinganisha kilichofundishwa. Na kama nia yake ni uwakili, aulize mapema baraza linalosimamia elimu ya sheria katika nchi atakayofanyia kazi, siyo ile atakayosomea tu.

Na apite polepole kwenye ukumbi wa walimu. Kizazi kile cha Mlimani kinapungua kila mwaka, lakini bado wamo wachache.

Mzee wangu alistaafu, tukaandikiana kwa miaka kadhaa, kisha barua zikakatika. Nakala ya ile barua yake ya ukurasa mmoja ninayo. Chini ya saini yake, mahali ambapo wengine huandika cheo, aliandika kwa mkono: Dar es Salaam, 1969. Mkutano ujao nitakuja nayo. Anayetaka kuiona anitafute pale karibu na mnara wa maji, mahali tulipokuwa tukijificha prepu ya jioni.